Cheti Kizima, Mlango Umefungwa

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu siku hizi tunaandika programu ndogo za kurahisisha kazi, hata tusiosomea kompyuta. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni hisabati na kompyuta. Hapa naeleza kosa moja lililoninyima usingizi siku tatu nikiwa field, ili likikukuta usihangaike kama mimi.

Mwalimu wa taaluma aliniita ofisini akanipa faili la alama za kidato cha pili, mikondo minne. "Wewe mtu wa chuo, hizi utazituma wewe." Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Mkondo usio na alama ungeonekana kwenye mfumo kama haujafanya mtihani. Ilikuwa Jumanne.

Mfumo wenyewe haukutosheka na nywila. Ulitaka cheti cha kidijitali, pamoja na ufunguo wa siri unaothibitisha kwamba cheti ni chako kweli. Vyote viwili tulikuwa navyo. Nikaandika programu ya Python kwa kutumia maktaba ya httpx, nikawasha HTTP/2 nikiamini itaenda kasi. Ukurasa wa kwanza ukafunguka vizuri. Nilipogusa ukurasa wa alama, ombi likakatwa na ujumbe huu: HTTP_1_1_REQUIRED.

Kama kawaida, nikaanza kukilaumu cheti. Nikakagua tarehe, hakijaisha muda. Je, ufunguo ni wa cheti kingine? Hapana, kwani Python hugoma kuvipakia kama haviendani. Mwenzangu wa chumbani akasema, "We weka verify=False, maisha yaendelee." Ndugu msomaji, ushauri huo uogope. Amri hiyo inazima ukaguzi wetu sisi kwa seva, haigusi ukaguzi wa seva kwetu. Mlango ungebaki umefungwa, na juu ya hapo alama za watoto zingeweza kupokelewa na yeyote anayejifanya seva.

Swali lililonifungua macho ni hili: seva inaomba cheti wakati gani?

Fikiria chumba cha mtihani. Msimamizi anaweza kukagua vitambulisho mlangoni, kila anayeingia aonyeshe. Au anaweza kuwaacha wote waingie, kisha amuulize yule tu anayetaka karatasi fulani. Seva yetu ilikuwa msimamizi wa aina ya pili. Ukurasa wa kwanza uko wazi kwa wote, cheti kinaombwa ukifika kwenye alama.

Kwenye HTTP/1.1 utaratibu huo unawezekana. Muunganisho mmoja hushughulikia ombi moja kwa wakati, kwa hiyo seva ikisimama katikati na kusema "onyesha cheti", inajulikana ni kwa ajili ya ombi lipi. HTTP/2, iliyotoka mwaka 2015, inapitisha maombi mengi kwa pamoja ndani ya muunganisho mmoja. Seva ikiuliza katikati, mteja hawezi kujua ni ombi lipi limesababisha swali. Ndiyo maana itifaki hiyo ilikataza makubaliano ya TLS kufanywa upya baada ya mazungumzo kuanza. TLS 1.3 ya mwaka 2018 ikayaondoa kabisa makubaliano hayo, ikaleta njia nyingine ya kuomba cheti baadaye. Lakini mwaka 2020 njia hiyo nayo ikapigwa marufuku ndani ya HTTP/2. Kwa kifupi, kwenye HTTP/2 cheti kinaombwa mlangoni tu.

Kumbe seva haikukikataa cheti changu. Haikuwa na namna ya kukiomba! Ule ujumbe ulikuwa unaniambia nirudi kwa HTTP/1.1, mimi nikausoma kama kufukuzwa.

Basi, fanya hivi.

Kwanza, jaribu nje ya programu yako:

curl -v --http1.1 --cert cheti.pem --key ufunguo.pem https://seva-yako/alama

Tafuta mstari wenye maneno Request CERT. Ukitokea kabla ya mstari wa GET, cheti kinaombwa mlangoni. Ukitokea baada yake, seva inauliza katikati, na HTTP/2 haitakubali. Kwangu ulitokea baada, na alama zikafunguka. Cheti kikawa kimetoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Pili, zima HTTP/2 kwenye msimbo. Nilipofanya hivyo nikapata kosa jipya, 403. Hapo nilichoka mwili na roho. Curl inapita, Python inakataliwa, cheti ni kilekile! Sababu ni kwamba kwenye TLS 1.3 mteja lazima atangaze mapema kuwa yuko tayari kuulizwa baadaye. Curl hutangaza yenyewe ukiipa cheti. Python hainyanyui mkono mpaka uiambie:

import ssl, httpx
ctx = ssl.create_default_context()
ctx.load_cert_chain("cheti.pem", "ufunguo.pem")
ctx.post_handshake_auth = True
mteja = httpx.Client(verify=ctx, http2=False)

Tatu, waandikie wenye seva. Dawa ya kudumu iko kwao: kurasa zinazohitaji cheti zipewe jina lake la kikoa, na cheti kiombwe mwanzoni mwa kila muunganisho. Hapo HTTP/2 itafanya kazi bila ugomvi.

Alhamisi usiku alama zilipita. Ijumaa asubuhi mwalimu wa taaluma alivaa miwani, akalinganisha majina kwenye skrini na daftari lake, mkondo mmoja baada ya mwingine. Yakatimia. Akasema tu, "Haya, nenda kafundishe, una kipindi."

Kabla ya kipindi nilifanya jambo moja zaidi. Nilifuta nakala ya ufunguo wa siri niliyoiacha kwenye kompyuta ya mwenzangu nilipokuwa nahangaika. Mwenye ufunguo ule na cheti chake angeweza kutuma alama yoyote kwa jina la shule. Kwa hiyo ukibanwa na muda, omba msaada wa kusoma kosa, lakini ufunguo usimpe mtu.