Mboni Nyeupe Haitibiwi kwa Vidonge vya Mectizan

Huko Walikale na Masisi, mashariki mwa Kongo, mzee akianza kupapasa ukuta mchana kweupe, lawama huwaendea inzi weusi wa mtoni. Si bure. Maeneo haya yamekuwa katika mpango wa kugawa Mectizan dhidi ya upofu wa mto, na watu wameizoea fimbo ya mgawaji ya kupimia urefu: asiyefika sentimita 90 hapewi kitu, wa sentimita 159 na zaidi humeza vidonge vinne. Shida huanza pale mzee anapongoja vidonge hivyo vimfungue macho, kumbe kinachomziba ni mtoto wa jicho.

Upofu wa mto huletwa na minyoo inayosambazwa na inzi hao. Vijiminyoo vyake vikifia jichoni huacha makovu, na dawa huzuia madhara mapya tu. Macho yaliyokwisha kupofuka haiyarudishi. Mtoto wa jicho ni kinyume chake: hana kidonge cha kumzuia wala cha kumtoa, lakini upasuaji usiofika saa moja huweza kumrudishia mtu kuona.

Chanzo cha mtoto wa jicho kimo ndani ya lenzi, nyuma ya mboni. Lenzi imejaa protini ziitwazo kristalini, zilizobanana kwa mpangilio unaopitisha mwanga bila kuutawanya. Seli za katikati ya lenzi zimepoteza viini vyake, hivyo haziundi protini mpya. Kristalini za katikati ya lenzi ya bibi wa miaka 70 ni zile zile alizokuwa nazo utotoni. Miaka yote hiyo huchakazwa na jua na kemikali za mwili, mpaka zinaanza kukunjuka na kushikana. Mwaka 1992 Joseph Horwitz, mtafiti wa Los Angeles, alionyesha kwamba aina moja, alfa-kristalini, ni mlinzi: huzidaka protini zinazokunjuka kabla hazijagandana. Ila akiba ya mlinzi huyo haiongezwi. Ikipungua, mabonge hujijenga, mwanga hutawanyika, na mboni hugeuka kijivu, kisha nyeupe.

Wafugaji wa Masisi wanajua kuwa jibini hairudi kuwa maziwa, na protini zilizogandana ni vivyo hivyo. Ndiyo maana matone ya sokoni hayasafishi lenzi. Mwaka 2015 kulitoka habari za kutia moyo kuhusu kemikali iitwayo lanosteroli, iliyojaribiwa kwenye macho ya mbwa, lakini majaribio ya baadaye kwenye lenzi za binadamu hayakufua dafu. Matone yenye deksametasoni ni hatari zaidi: yakitumiwa muda mrefu bila daktari, yenyewe huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Maji ya majani na mkojo usiyatie kabisa.

Si wazee peke yao. Kisukari na sigara huharakisha ugonjwa huu. Machimboni, Rubaya au Walikale, kipande cha jiwe kikipenya jichoni, lenzi huweza kuwa nyeupe ndani ya siku chache. Jicho hilo usilikandamize wala usichomoe kitu. Lifunike kwa kikombe kisafi kisicholigusa, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe naye asingoje, maana huenda ni saratani ya jicho.

Kwa mzee ambaye macho yamefifia polepole bila maumivu, kuna kipimo cha nyumbani. Mkalishe gizani, mzibe jicho moja, kisha mmulikie lingine kwa tochi kutoka juu, chini, kulia na kushoto, naye aonyeshe kwa kidole mwanga unakotoka. Akipatia, kuna matumaini makubwa. Asipoona mwanga kabisa, huenda ni presha ya jicho au makovu ya minyoo. Apelekwe akapimwe, lakini msimwahidi upasuaji. Maumivu makali na wekundu ni habari nyingine, ya haraka.

Kabla ya kuuza mbuzi kwa nauli, pitieni kituo cha afya. Muulizeni muuguzi mkuu kama kuna timu ya macho inayotarajiwa karibu, aandike barua ya rufaa, na aseme kama barabara ya Sake kwenda Goma inapitika. Goma kuna huduma ya macho, kwa mfano HEAL Africa. Mgonjwa asafiri na mtu wa kumshika mkono, wakiwa na pa kulala, kwa sababu bandeji kwa kawaida hutolewa kesho yake.

Upasuaji hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho. Lenzi iliyoganda hutolewa, ya plastiki huwekwa, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949. Baadaye ni matone kwa wiki kadhaa, kutosugua jicho, na kutobeba kuni wala bidoni za maji mpaka daktari aruhusu. Maumivu yakizidi au macho yakififia tena siku za mwanzo, rudini hospitali mara moja. Kama jicho la pili nalo lina ukungu, ombeni tarehe yake kabla ya kuondoka mjini.