Nimefeli kwa Sababu Gani?

 

Matokeo ya mtihani yanapobandikwa ukutani, mimi husikiliza maneno kuliko ninavyotazama alama. Aliyefaulu husema, "Bahati tu." Aliyefeli husema, "Kichwa changu kizito," au "Ustadhi hanipendi," au kuna mtu kamhusudu. Wengine humsingizia Mwenyezi Mungu: "Sikuandikiwa."

Maneno haya si mepesi. Tangu miaka ya 1970 Bernard Weiner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alichambua sababu ambazo watu huzitaja. Aliuliza: sababu hiyo iko ndani yako au nje? Yabadilika au ni ya kudumu? Je, iko katika uwezo wako? Anayesema "kichwa kizito" ametaja kitu anachodhani hakibadiliki. Basi kesho asome kwa ajili ya nini? Anayesema "sikurudia vya kutosha" amejiachia mlango. Mwaka 1975 Carol Dweck, naye wa huko huko, aliwazoesha watoto waliokata tamaa katika hesabu waone kuwa wamekosa kwa upungufu wa juhudi. Walipokutana na maswali magumu waliendelea kujaribu. Wenzao waliozoeshwa kupata tu walivunjika moyo kama zamani.

Kadari tunaiamini, ni katika nguzo za imani. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake.

Hapa nami nina kosa la kukiri. Kijana mmoja alishindwa kusoma Suratul Mulk kwa moyo. Nikamwambia, "Mvivu wewe!" Akajibu kwa unyonge, "Ustadhi, nilikesha." Na kweli alikesha, usiku mmoja, peke yake, sura nzima. Bidii alikuwa nayo. Njia ndiyo hakuwa nayo. Sura ina aya 30. Tukampa aya 3 kila siku baada ya Alfajiri, mwenzake akimsikiliza. Akaihifadhi.

Wazazi, tusiligeuze jambo hili kuwa fimbo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipokumba Rufiji na Kibiti, mashamba yalizama na familia zikahama. Mtoto aliyekosa masomo kwa sababu ya maji hakuwa mvivu, wala yule wa delta anayengoja maji yajae ndipo mtumbwi upite. Huyo hahitaji lawama, anahitaji kufundishwa yale yaliyompita. Basi alama mbaya zikiingia nyumbani, kabla ya kukaripia muulize: "Ulisomaje, mwanangu? Saa ngapi? Na nani?"

Wabillahi tawfiiq.