SAMADI NA MBOLEA YA CHUMVICHUMVI KATIKA KILIMO CHA SOYA

Katika suala la mbolea, wakulima wetu huwa makundi mawili. Wapo wanaoshikilia kuwa samadi pekee yatosha, na wapo wanaoamini kwamba shamba halitoi ila kwa mbolea ya chumvichumvi. Kwa zao la soya kila kundi lina nusu ya ukweli, na anayelipia kasoro hiyo ni mkulima aliyekwishanunua mfuko kwa fedha za matumizi ya nyumbani.

Soya iliingizwa Tanganyika mwaka 1907 katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, na leo hulimwa zaidi katika mikoa ya kusini, kama vile Ruvuma. Punje yake ina protini kiasi cha asilimia 36 hadi 40. Protini haifanyiki bila ya naitrojeni nyingi, na kwa sababu hiyo wengi humwaga yurea kama wafanyavyo katika mahindi.

Ifahamike kwamba soya hujitafutia naitrojeni yake. Katika vinundu vya mizizi yake hukaa bakteria ambao huichukua kutoka hewani na kuupatia mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Ukitiwa yurea tele, mmea hauna tena haja ya kuwalisha wageni hao: vinundu hupungua, majani hustawi yakapendeza macho, na maganda yakawa haba. Soya inapokaribia kutoa maua, chimbua miche michache pamoja na udongo wake, upasue vinundu kwa ukucha. Vilivyo vyekundu au waridi ndani vinafanya kazi. Vya kijani au vyeupe havifanyi. Shamba ambalo halijapata kupandwa soya huenda likakosa bakteria wanaofaa. Hapo mbegu ichanganywe na chanjo ya bakteria, kivulini, kwani jua huwaua.

Kinachohitajika hasa kutoka dukani ni fosforasi. Vinundu haviumbiki vizuri pasipo nayo, na samadi huwa nayo kidogo. Lakini fosforasi ikitiwa peke yake katika ardhi iliyochoka hukamatwa upesi: katika udongo mwekundu na madini ya chuma, na katika ardhi ya maweni na chokaa ya matumbawe. Hapo samadi ndiyo msaidizi wake. Inapooza hutoa asidi zinazolegeza mshiko huo, huhifadhi unyevu, na katika kichanga huzuia virutubisho visisombwe na mvua.

Kwa eka moja, tani mbili za samadi iliyooza sawasawa zichanganywe na udongo wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza miche na huleta magugu. Asiyekuwa na samadi ya kutosha aitie katika mistari tu. Wakati wa kupanda, kilo 50 za TSP zatosha. Mistari ikiachana sentimita 50, hiyo ni kama gramu 6 kwa kila mita, yaani kizibo cha soda kilichojaa na kuzidi kidogo. Ifukiwe pembeni mwa mbegu, isigusane nayo.

Jivu la jikoni lina potasi na lafaa shambani, ila lisichanganywe na mbolea yenye amonia, kama DAP. Mchanganyiko huo hutoa harufu kali ya kuchoma pua, na harufu hiyo ni naitrojeni iliyonunuliwa ikipotea hewani.