Figo za Mtoto Aliye Tumboni Hupimwaje?

Siku moja katika kipindi cha Bayolojia mwenzetu wa Kidato cha Tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mtoto akiwa tumboni hukojoa wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitwambia kwamba mtoto hukojoa humo humo anamoogelea, kisha huyanywa maji hayo hayo! Basi kicheko kikageuka kuwa "Ala!"

Maji haya ndiyo yanayomwagika mama anaposema chupa imepasuka. Madaktari huyaita kiowevu cha amnioni. Mwanzoni mwa mimba hutoka zaidi kwa mama. Figo za kijusi huanza kutengeneza mkojo mnamo juma la 10 hivi, na baada ya juma la 16 mkojo huo ndio sehemu kubwa ya maji yote. Kwa hivyo anayetaka kujua habari za figo huanza kwa kuyauliza maji.

Sasa sikilizeni ajabu nyingine. Damu ya mtoto haisafishwi na figo zake. Kazi hiyo hufanywa na kondo la nyuma, ambalo hupitisha taka hadi kwa mama. Hata mtoto asiye na figo kabisa aweza kukua tumboni miezi mingi bila taka hizo kumdhuru. Kinachomponza ni ukosefu wa maji. Maji yakikosekana, mapafu hayakui sawasawa, naye akizaliwa hushindwa kupumua. Mwaka 1946, daktari Edith Potter wa Chicago alieleza sura za watoto waliozaliwa bila figo: pua bapa, masikio yaliyoshuka. Walikuwa wamebanwa na tumbo lisilo na maji. Nani angedhani kwamba ugonjwa wa figo utaua kupitia mapafu?

Zamani kidogo kipimo kilikuwa cha sindano. Maji yalivutwa kutoka tumboni mwa mama yakapelekwa maabara kutafutwa kreatinini, yaani taka ya misuli inayotolewa na figo. Mwaka 1967 Pitkin na Zwirek, watafiti wa Marekani, walichapisha makala kuhusu kipimo hiki. Figo zinavyokomaa ndivyo kreatinini inavyoongezeka majini. Ikifika miligramu 2 katika mililita 100, kwa kawaida mimba huwa imefika majuma 37 hivi. Lakini kipimo hiki kilikuwa na hila yake. Mama mwenye kreatinini nyingi katika damu yake humwambukiza mtoto hesabu hiyo, ukadhani figo zimekomaa kumbe sivyo! Ilibidi damu ya mama nayo ipimwe.

Siku hizi hutumika zaidi mashine ya mawimbi ya sauti. Daktari hutafuta mahali maji yalipo na kina kirefu zaidi. Sentimita 2 hadi 8 ni sawa. Chini ya 2 ni machache. Huangalia pia kama kibofu cha mtoto kinajaa na kumwagika. Njia ya mkojo ikiwa imeziba, mkojo waweza kuvutwa kwa sindano kutoka kibofuni mwa kijusi. Wale tuliosoma utoaji taka Kidato cha Pili twajua kwamba figo nzima hurudisha chumvi mwilini. Basi mkojo wa kijusi chenye afya huwa mwepesi, sodiamu ikiwa chini ya milimoli 100 kwa lita. Mkojo wa chumvi nyingi ni habari mbaya.

Haya sikuyajali sana mpaka yalipofika nyumbani. Shangazi yangu, akiwa na mimba ya miezi saba, aliambiwa maji ni sentimita 1 na nusu tu. Alilia njia nzima. Kliniki ya pili, sista mmoja mzee alimwuliza kwanza kama kuna maji yanayovuja, maana si kila upungufu ni wa figo. Hakuna. Kisha akauliza, "Mama, unameza dawa gani?" Shangazi akatoa mkobani tembe za ibuprofeni alizonunua dukani kwa maumivu ya mgongo. Alikuwa amezimeza karibu mwezi mzima!

Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo za mtoto, na mkojo ukapungua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumiwe kuanzia juma la 20 la mimba pasipo ushauri wa daktari. Shangazi aliambiwa aziache na arudi baada ya siku chache. Aliporudi, kipimo kilisoma sentimita 3. Wiki iliyofuata, 4.

Binamu yangu sasa ana miezi saba, na mamake hulalamika kila siku kwamba nepi hazitoshi.