Mti Ulio Hai na Nyaya za Mlingoti wa Redio

Mlingoti mrefu na mwembamba wa redio hausimami kwa nguvu zake wenyewe. Hushikwa na nyaya za chuma, aghalabu tatu, zinazouvuta pande tatu kama kamba za hema. Kwa hiyo nguvu ya mlingoti imo katika nyaya zake, na nguvu ya nyaya imo katika nanga zilikofungwa. Jambo hili lilidhihirika huko Konstantynów, nchi ya Poland, tarehe 8 Agosti 1991. Mlingoti wa redio wa mita 646, uliokuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichojengwa duniani wakati ule, ulianguka nyaya zake zilipokuwa zikibadilishwa.

Mtu anayesimamisha mlingoti mdogo nyumbani kwake huona mti mkubwa karibu, akasema, "Ya nini kuchimba shimo, na mti upo?" Neno hilo yafaa tulipime.

Kwanza, mti huyumba. Upepo ukivuma, waya hulegea, kisha hukazika kwa ghafula, na mlingoti hushtuliwa tena na tena. Tena mvua nyingi zikilainisha udongo, mizizi nayo huweza kulegea.

Pili, mti hunenepa. Wengine hudhani ya kuwa mti ukikua utaupandisha waya juu. Sivyo: mti hurefuka kwenye ncha zake, na msumari uliopigiliwa katika shina hubaki kwenye kimo kile kile. Lakini shina huongezeka unene, na waya uliozungushwa hulikaba. Chakula kilichotengenezwa na majani hushukia mizizini kwa kupitia sehemu ya ndani ya gome. Njia hiyo ikikatwa pande zote, mizizi hufa njaa, na mti hufa. Mti mfu huweza kukaa wima kwa muda, huku mchwa wakiula, na mwenye mlingoti asijue.

Tatu, mti hauoti mahali tunapouhitaji. Chukua mlingoti wa mita 12 uliofungwa waya kileleni. Nanga ikiwa umbali wa mita 9, urefu wa waya ni mita 15. Upepo ukisukuma kilele kwa nguvu ya kilo 60, waya wa upande unakotoka upepo hubeba kilo 100. Mti ukiwa umbali wa mita 5 tu, waya ni wa mita 13, na upepo ule ule huutwika kilo 156.

Basi lililo bora ni kuzika nanga. Nanga hiyo ni zege, au gogo gumu lililotiwa dawa ya mchwa. Izikwe kina cha mita moja au zaidi, kadiri ya udongo na ukubwa wa mlingoti, ikikingama na mvuto wa waya. Fimbo ya chuma itoke kwenye nanga hadi juu ya ardhi, ikielekea kule waya unakovuta.

Ikiwa hapana budi kutumia mti, chagua ulio mnene na wenye afya. Funga karibu na ardhi, ambapo shina haliyumbi sana. Usiuzungushie waya; toboa shina, upitishe bolti yenye kitanzi, na upande wa pili utie washa pana na nati. Kidonda cha tundu moja mti hukistahimili, lakini kukabwa pande zote hautakustahimili. Kagua kila mwaka, na baada ya kila dhoruba: je, majani yanakauka? Udongo umepasuka penye mizizi? Waya umelegea?

Mwisho, kabla ya kusimamisha mlingoti, pima urefu wake juu ya ardhi kuuzunguka pande zote. Ndani ya duara hiyo pasiwe na waya wa umeme, wala nyumba wanamolala watoto.