Tukio Lisiloandikwa Halihesabiwi
Mwongozo wa usalama mtaani kwa wakazi wa Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Kwa wingi huo, hakuna jeshi la polisi linaloweza kuweka askari kila kichochoro. Doria hupelekwa kule ambako matukio yameandikwa kituoni. Mtaa ulioibiwa mara kumi na wakazi wake wakanyamaza mara tisa, kwenye kitabu cha polisi ni mtaa ulioibiwa mara moja. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kutoa taarifa, na namna ya kulinda mtaa bila kuvunja sheria.

1. Takwimu zisomwe kwa makini

Kabla ya kusema mtaa fulani ni hatari, uliza mambo mawili.

*Matukio mangapi kwa watu wangapi?* Tuseme kata yenye wakazi 100,000 imeandikiwa wizi mara 200, na nyingine yenye wakazi 20,000 mara 80. Ya kwanza ina matukio mengi, lakini ni 2 kwa kila wakazi 1,000. Ya pili ni 4. Mkazi wa kata ya pili ndiye aliye hatarini zaidi.

*Nani wanaibiwa?* Kariakoo hupokea wanunuzi na wafanyabiashara kutwa nzima, ilhali wanaolala pale ni wachache. Ukigawa matukio ya mchana kwa wakazi wa usiku, utapata picha isiyo sahihi.

Kumbuka pia kwamba idadi ikipanda baada ya watu kuhamasishwa kuripoti, si lazima uhalifu uwe umeongezeka. Huenda kilichoongezeka ni watu waliokwenda kituoni.

2. Taarifa yenye msaada

"Huku kwetu vibaka wamezidi" ni malalamiko. Askari hawezi kuyafanyia kazi. Linganisha na hii:

> "Leo saa 11 alfajiri, uchochoro wa nyuma ya msikiti, tukielekea kituo cha daladala. Vijana wawili kwenye pikipiki nyekundu isiyo na namba. Wa nyuma amekwapua mkoba wa mama mmoja, wakakimbilia upande wa barabara ya lami. Taa ya pale haiwaki tangu wiki iliyopita."

Hapa kuna saa, mahali, idadi ya watu, chombo walichotumia, walikoelekea na sababu iliyowarahisishia kazi. Taarifa tatu za namna hii zikifanana, doria ya alfajiri itajulikana isimame wapi, na mwenyekiti wa mtaa atajua taa ipi ifuatiliwe kwanza.

Ukifika kituoni:

- Eleza ulichokiona mwenyewe, kisha utaje kando ulichosimuliwa.
- Hakikisha tukio limeandikwa, na uondoke na namba ya RB. Bila namba hiyo, kufuatilia shauri lako kutakuwa kazi ngumu.
- Kuripoti hakulipiwi, na dhamana haiuzwi. Anayedai chochote aripotiwe TAKUKURU.
- Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Mwenye hali mbaya awahishwe hospitali kwanza, na ndugu wafuatilie fomu.
- Ukatili dhidi ya wanawake na watoto uripotiwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jambo la aina hii lisimalizwe kifamilia kwa faini au msamaha.

3. Simu ikiibiwa

Piga *#06# leo, uandike namba ya IMEI ya simu yako na kuiweka mbali na simu yenyewe. Simu ikiibiwa, kimbilia kwanza kufunga laini, maana mwizi huwahi fedha zilizo kwenye simu. Kisha ripoti polisi, na upeleke taarifa hiyo kwa mtandao wako ili simu ifungiwe.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu. Utume, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

4. Ulinzi shirikishi

Sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya ulinzi, walianza miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, kukabiliana na wezi wa mifugo. Ulinzi shirikishi wa mijini umefuata njia hiyo, lakini kikundi kisicho na utaratibu huweza kugeuka kero. Mtaa uzingatie haya:

- Walinzi wajadiliwe kwenye mkutano wa mtaa, na majina yao yafahamike kituo cha polisi.
- Kila mchango utolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wakazi.
- Kuwe na daftari la zamu: nani alilinda, saa ngapi, aliona nini.
- Mlinzi asipige, asitoze faini, wala asiweke mtu mahabusu.

5. Mwizi akikamatwa

Sheria inamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kama wizi, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Anayempiga mtuhumiwa hadi kufa anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Wapo waliouawa kwa kelele za "mwizi!" na baadaye ikabainika hawakuiba kitu. Na hata aliyeiba kweli, akishakufa hatamtaja anayenunua mali za wizi, na mnunuzi huyo kesho atatuma mwingine.

6. Uvumi

Jioni ya Ijumaa, 2 Januari 2015, habari kwamba Panya Road, kundi la vijana wahalifu, wamevamia mitaa zilienea kwa simu. Watu walifunga maduka na kukimbilia majumbani, hata sehemu ambazo kundi hilo halikufika. Kundi lenyewe halikuwa hadithi, maana mwaka 2022 nyumba zilivamiwa tena jijini. Ndiyo maana ukipokea ujumbe wa hatari, muulize aliyeutuma: umeona wewe, wapi, saa ngapi? Akiwa na majibu, piga 112. Asipokuwa nayo, usiusambaze.

Namba za kuhifadhi

- Polisi, dharura: 112
- Zimamoto na Uokoaji: 114
- Huduma ya simu kwa mtoto: 116
- TAKUKURU: 113
- Kuripoti utapeli wa simu: 15040

Andika hapa namba za mwenyekiti wa mtaa wako: ……………
Mtendaji wa mtaa: ……………
Polisi kata: ……………