Kupanda Matogoro kwa nusu siku

Mkazi wa Songea huiona milima ya Matogoro kila anapotoka nje, na huenda ndiyo sababu haipangii safari. Watu huamua tu Jumapili mchana, wamevaa ndala, chupa moja ya maji kwa watu watatu. Matembezi ya mzunguko, yaani kupandia njia moja na kushukia nyingine, hayamshindi mtu mwenye afya ya kawaida, ilimradi yaanze mapema na yaongozwe na anayezijua njia.

Tuanze na ruhusa. Misitu ya Matogoro ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata, kuchoma au kuchukua chochote humo bila kibali. Siku chache kabla, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) mjini, useme mko wangapi, mtapandia wapi na mtashukia wapi. Uliza hapohapo kama kuna mwenyeji wa kuwaongoza. Mwenyekiti wa mtaa mnakoanzia naye apewe taarifa. Kundi la wageni wenye mabegi karibu na vyanzo vya maji litaulizwa maswali, na ni haki liulizwe: Mto Ruvuma unaanzia milimani humo, na Mto Luhira, unaotegemewa kwa maji ya mji, pia unatoka huko.

Msimu mzuri ni Mei hadi Julai. Mvua zimekwisha, nyasi bado hazijakauka kabisa, na Juni baridi ya Songea hukufanya upande bila kutokwa jasho jingi. Sweta ni lazima. Agosti hadi Oktoba ni miezi ya moto wa porini na ukungu wa moshi, ingawa mwishoni mwake miti ya miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na wapo watakaosema hapo ndipo msitu unapopendeza kuliko wakati wowote. Novemba hadi Aprili ni utelezi na radi za alasiri. Ukienda miezi hiyo, uwe umeshashuka kileleni kabla ya saa sita.

Muda usikadiriwe kwa macho. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Tuseme mzunguko wenu ni kilomita 8 na mwinuko wa mita 300: ni saa mbili na dakika chache. Hiyo ni ya mtu asiyesimama. Mkiwa na watoto, picha na mapumziko, zidisha mara mbili. Ondokeni saa 1:30 asubuhi, na mkubaliane mapema kwamba ikifika saa 4:00 hamjafika juu, mnageuka kwa njia mliyojia. Makubaliano hayo yafanyike chini, kabla ya mtu yeyote kuchoka na kuona aibu kusema.

Mwinuko mkali uwe wa kupandia na mteremko wa polepole uwe wa kurudia. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Shida ya mzunguko ni kwamba nusu ya pili ni ngeni kwenu, na vijia vya msituni vingi ni vya wachuma uyoga na watafuta masuku: vinaishia penye uyoga na masuku, si barabarani. Tena usimsikilize anayesema ukipotea fuata mto. Ruvuma unashuka kusini hadi mpaka wa Msumbiji, kisha unageukia mashariki hadi Bahari ya Hindi, jumla ya karibu kilomita 800. Ukipotea, simama, rudi hadi njia panda ya mwisho unayoikumbuka, kisha piga simu.

Kwenye mashamba makubwa ya miti kama Sao Hill kule Mufindi, hujengwa minara ya kuangalia moto. Matogoro mwinuko wenyewe ndio mnara wako wa kutazamia mandhari, kwa hiyo chagua siku isiyo na ukungu, na ukae juu walau nusu saa.

Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, mihogo ya kuchemsha au karanga, na simu yenye chaji; vaa viatu vilivyofunika vidole na suruali ndefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kulinda kingo za mito na vyanzo vya maji. Nawe tumia kipimo hichohicho unapotafuta pa kujisaidia. Hakuna kuwasha moto, hata wa chai, na sigara izimwe kabla ya kuingia.

Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye wala msifunge kamba. Mtulizeni, mguu usitikiswe, abebwe hadi kwenye usafiri na moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mkiona moshi msituni, msiukaribie: pigeni 114, wajulisheni TFS, mkishuka kwa upande ambao upepo unatokea.